Niliyapa maharagwe yangu kuvu: misimu miwili Waithaka

Pakiti yenyewe, ya unga wa kuvu wa kupaka mbegu, ni ndogo kuliko ya robo kilo ya majani chai. Ndani mna unga mweupe laini, kama ngano iliyochekechwa mara mbili, na nilipoifungua mara ya kwanza nilihisi nimeibiwa mchana kweupe. Shilingi 900 kwa vijiko vichache vya unga! Nimeutumia misimu miwili sasa. Msimu wa kwanza ulinitia hasara, wa pili ukanirudisha dukani kwa miguu yangu mwenyewe, kwa hiyo naona nina haki ya kuusema.

Shamba langu liko Waithaka, huku Dagoretti, Nairobi, robo ekari ya mama mkwe iliyobanwa kati ya nyumba za kupanga na ukuta wa kanisa. Udongo mwekundu, mzuri, ila umechoka. Kila mvua zikianza napanda maharagwe, Rosecoco zaidi, kwa sababu ndiyo wapangaji wananunua bila kuuliza maswali. Na kila mwaka mambo yalikuwa yale yale: miche inatoka vizuri, yote imesimama kama wanafunzi gwarideni, halafu wiki ya pili au ya tatu mmoja unageuka manjano, kesho yake watatu, mwisho wa wiki kuna mapengo kila mahali. Nililaumu ukame. Nililaumu mbolea. Kuna wakati nililaumu mbwa wa jirani na mkojo wake.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa hapa jirani. Alipita akanikuta nimeinama, nang'oa miche iliyokufa.

"Mama Brayo, hebu lete huo mmoja nikuonyeshe."

Akaushika mche karibu na mzizi. Hapo chini shina lilikuwa limevimba na kupasuka, rangi ya kahawia kama kidonda kilichoanza kukauka. Akalichuna ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya ganda, zimelala kwa urefu, kulikuwa na punje tatu ndogo za kahawia, ndogo kuliko punje ya mchele. Nikadhani ni mbegu za magugu zilizonasa. Akaiweka moja kwenye kiganja changu.

"Huyo ndiye amekula maharagwe yako miaka yote. Hapo amejifunga, akitoka anakuwa nzi."

Ni nzi wa maharagwe. Ukimwona akiruka hutamtilia maanani: mweusi, anang'aa, urefu wake kama milimita mbili tu. Jike hutoboa majani yale ya kwanza kabisa, mche ukiwa na siku chache, na kutaga humo. Funza akianguliwa hapiti nje hata kidogo. Anachimba ndani ya jani, anashuka kwenye kikonyo, anaingia shinani na kuteremka hadi karibu na udongo, na hapo ndipo anapojifunga chini ya ganda. Ndiyo maana dawa ya kupuliza ukiona manjano haikusaidii. Unapuliza majani, mwizi yuko chini ya sakafu.

Kinga ya kawaida ni kuipaka mbegu dawa kabla haijaingia ardhini. Zile za kemikali nilizitumia zamani, na sitadanganya, zinafanya kazi. Lakini kuku wangu wanafukua, na mtoto wangu wa mwisho huokota kila kitu chenye rangi. Halafu nikasoma kwamba moja ya dawa zinazopakwa sana kwenye mbegu, imidakloprid, Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki. Nikajiuliza mbona mimi niendelee kuishika kwa mikono mitupu.

Hapo ndipo kuvu akaingia. Jina la kampuni silitaji, maana muuza pembejeo wa kwenu huenda ana pakiti ya kampuni nyingine. Angalia jina la kuvu mwenyewe, ambalo kwenye yangu ni Beauveria bassiana. Ni kuvu wa zamani sana kwa wadudu. Jina lake linamkumbuka Agostino Bassi, Mwitaliano aliyeonyesha mwaka 1835 kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza viwavi wa hariri ulitokana na kuvu. Mbegu zake ndogondogo, spora, zikimgusa mdudu zinachipua juu ya ngozi yake, zinapenya na kumla kutoka ndani. Jambo jipya, angalau kwangu, ni kwamba ukimpaka kwenye mbegu ya harage anaweza kuingia ndani ya mmea na kuishi humo bila kuuumiza, akawa kama mlinzi anayelala ndani ya nyumba badala ya getini. Hapa hapa Nairobi, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, walijaribu kuloweka mbegu za maharagwe kwenye maji yenye kuvu wa aina mbalimbali, akiwemo huyu, wakawapima dhidi ya funza wa huyu nzi wa maharagwe, na matokeo yao yalitoka mwaka 2016. Kwa hiyo si uganga.

Sasa hasara.

Msimu wa kwanza, mvua za masika, niliingia kwenye duka fulani la pembejeo nikaomba vitu viwili: mbegu nzuri za Rosecoco na ule unga wa kuvu. Muuzaji akanipa vyote, akapokea M-Pesa, akaniambia karibu tena. Mbegu zilikuwa za pinki, zile zilizokwisha pakwa dawa kiwandani. Pakiti ya kuvu aliitoa kwenye rafu ya dirishani, imepigwa na jua hadi maandishi ya upande mmoja yamefifia. Hakusema neno. Mimi nami sikuuliza. Nilienda nyumbani nikachanganya vizuri, nikapanda, nikasubiri muujiza.

Miche ilikufa kama kawaida. Pengine hata zaidi, ila sikuhesabu, nilikuwa na hasira. Niliporudi dukani nikajibiwa, "Mama, hiyo ni biolojia, inategemea na shamba." Nimeolewa miaka kumi na nne na bado sijawahi kupewa jibu la kukwepa kama hilo.

Afisa wa kilimo ndiye aliyecheka. Nilimwonyesha picha ya mbegu kwenye simu, akaniuliza, "Dada, hiyo pinki unajua ni ya nini?" Kumbe ile rangi ni alama kwamba mbegu imepakwa dawa, na kwenye mbegu zangu, dawa hiyo ilikuwa ya kuua kuvu, ya kuzuia kuoza. Nimenunua kuvu kwa shilingi 900 nikampaka juu ya dawa ya kumuua. Na hata kama mbegu zingekuwa safi, jua lile la dirishani lingekuwa limeshamaliza sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu spora haziwezi joto wala jua kali. Ile pakiti ina kiumbe hai. Duka liliiweka kama misumari.

Nina kinyongo na duka hilo mpaka leo, ila nakiri maelezo nyuma ya pakiti yalisema yote mawili. Kwa herufi ndogo kama za mkataba wa mkopo, lakini yalisema.

Msimu wa pili, mvua za vuli, nilibadilisha kila kitu. Pakiti niliinunua kwa mama mmoja anayeweka kuvu kwenye friji, pamoja na chanjo za kuku. Hicho ndicho kipimo changu sasa: nikiona muuzaji anafungua friji, natoa simu ya kulipa. Nikaangalia na tarehe ya mwisho. Mbegu nilizitoa kwenye mavuno ya mama mkwe, gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka, nikazichagua kwenye uteo punje kwa punje na kutupa zilizotobolewa na fukusi. Mama mkwe alikaa kando akiniangalia.

"Unazipaka ukungu kwa makusudi?"

"Ndiyo, Mama."

"Sisi tulikuwa tunatupa zenye ukungu."

Nilikoroga sukari kidogo kwenye maji, nikayanyunyizia juu ya mbegu ndani ya beseni mpaka zikawa na unyevu wa kunata, si wa kulowa. Harage likilowa sana ngozi yake inakunjamana na kuchubuka, na likichubuka litaoza. Nikamwaga unga kidogo kidogo huku nikitikisa beseni mpaka kila punje ikavaa shati jeupe jepesi. Nilivaa barakoa, kwa kuwa vumbi lake linaruka na linakereketa koo hata kama halina sumu ya kukuua. Nikazianika kivulini juu ya gazeti, chini ya kitanda kwa kweli, kwa sababu nyumba yangu kivuli kingine hakuna. Saa kumi na moja jioni nikapanda, udongo ukiwa bado na maji ya mvua ya jana.

Safari hii nilipanda mistari minne yenye kuvu na minne isiyo na kitu, mbegu zile zile, siku ile ile. Kijana wangu wa darasa la saba aliipigilia vijiti vyenye kitambaa. Tulikuwa tunahesabu kila Jumamosi.

Hadi wiki ya nne, mistari mitupu ilikuwa imepoteza miche 41. Yenye kuvu ilipoteza 15. Tuliichuna mashina ile iliyokufa kama mzee alivyonifundisha, na funza walikuwepo pande zote mbili, ila upande wa kuvu mara nyingi tulimkuta mmoja au hatukumkuta kabisa. Nilitarajia kuona nzi waliokufa wakiwa wamefunikwa na ukungu mweupe kama kwenye picha za mtandaoni. Sikuona hata mmoja. Kilichoonekana ni pengo chache tu, na mashina ambayo hayakuvimba.

15 si sifuri. Ukitaka shamba lisilo na mche mmoja uliokufa, kuvu hatakupa. Mimi pia niliinua udongo kuzunguka mashina wakati wa kupalilia, maana mche ulioumwa na funza hutoa mizizi mipya juu ya kidonda ikipata udongo wa kushika. Hilo nililifanya kwenye mistari yote minane, kwa hiyo halikupendelea upande.

Vidukari walikuja mwezi wa Novemba na hawakujali kama harage limepakwa au la. Walikaa pande zote mbili, nikawapulizia maji ya sabuni. Yule kiwavi anayekata miche usiku naye alijikatia yake. Njiwa ndio usiseme. Na mtu asije akadhani unga huu utamlindia maharagwe ya kula ghalani dhidi ya fukusi; mimi ya kula nayaweka kwenye mfuko usiopitisha hewa, basi.

Bei bado inaniuma. Pakiti moja ilitosha gorogoro yangu na kubaki zaidi ya nusu, ambayo ingekuwa habari njema kama ingedumu. Iliyofunguliwa nimeifunga kwa mpira, nikaitia kwenye mkebe, nikaiweka kwenye friji kando ya maziwa, na mume wangu ameshauliza mara mbili kwa nini tunakula karibu na ugonjwa wa wadudu. Wangetengeneza pakiti ya mtu wa robo ekari ningeshukuru. Wangeandika na neno moja kubwa mbele, kwa Kiswahili, MBEGU ISIWE YA RANGI, wangeokoa watu wengi kama mimi.

Mzee wa jirani alikuja wiki iliyopita kuomba kijiko kimoja cha hiyo iliyobaki, ajaribu masika yakianza. Nikamwambia, "Baba, nitakupa, ila mbegu ziwe safi, zisiwe zile za pinki." Akaangalia kando. Ameshanunua kilo mbili, za pinki. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama akiziosha kwa sabuni ya kufulia itakuwaje.