Samaki gani kwa tangi la nyumbani: wa nyasini au wa matumbawe?

Wote wawili ni jamaa wa kikande, takriban sentimita 12 wakikomaa, ngozi inakwaruza kama msasa. Acreichthys tomentosus hukaa kwenye nyasi za baharini: hugeuka kijani au hudhurungi, akajiinamisha kichwa chini, ukadhani ni jani. Oxymonacanthus longirostris amejaa madoa ya rangi ya chungwa, na chakula chake ni polipu (vijinyama vinavyojenga matumbawe) za matumbawe ya Akropora; hata harufu yake hufanana nayo, mwindaji akampita. Lakini mwaka 1998 joto lilipoua matumbawe Okinawa, Japani, naye akatoweka hapo. Kwa tangi la nyumbani namchukua wa nyasini, hachagui chakula, hata anemoni (vinyama vya baharini vyenye minyiri) sumbufu za Aiptasia anazila. Ila humdonoa na samaki jirani.