Keria ya baiskeli ya resi kwa safari ndefu: anzia kwenye skrubu

Wasomaji huniuliza habari za mabegi: lipi halipitishi maji, lipi lina nafasi zaidi. Kisha huja malalamiko: keria ililegea baada ya Mtwapa, ikaangukia gurudumu, spoku zikakatika, na safari ya Malindi ikaishia Kilifi. Begi halina kosa. Kosa ni skrubu ya milimita 5 inayoshika mguu wa keria kwenye fremu, pale chini karibu na ekseli, inayobeba karibu mzigo wote wa upande wake, na hakuna anayeiulizia.

Ichunguze hiyo skrubu. Kwa hewa yetu ya chumvi, ukiona unga mweupe umezunguka kichwa chake, ujue chuma na alumini ya fremu vimeanza kulana. Ikishagandamana, ukilazimisha kuifungua inakatika, kipande kinabaki ndani ya tundu, na hapo ni drili tu. Tafuta stenlesi ya A4, ile inayotumika kwenye vyombo vya baharini, ipake grisi kwenye meno kabla ya kuifunga, na uikaze upya jioni ya siku ya kwanza ya safari. Beba za akiba, na ufunguo wake.

Sasa keria zenyewe. Ya kwanza ni Tubus ya Ujerumani, na naipendelea waziwazi. Keria yao iitwayo Cargo ni ya mabomba ya kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, na inabeba hadi kilo 40. Ikipasuka njiani, fundi wa kuchomelea wa Mariakani atakusaidia. Ukimpelekea alumini, wengi watakurudishia. Tena baiskeli nyingi za resi hazina matundu ya keria kwenye fremu, na Tubus wanauza vishikio vinavyofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Hilo peke yake linanitosha.

Ya pili ni Topeak, ya alumini, nyepesi, mzigo wa kilo 25 hivi. Kwenda Lunga Lunga na kurudi inafaa kabisa.

Zile za kubana kwenye nguzo ya kiti, nyingi mwisho wake ni kama kilo 10. Weka koti la mvua, basi.

Fremu za resi ni fupi kwa nyuma, kwa hiyo tundika begi na ukanyage pedali dukani kwanza, uone kama kisigino kinaligonga.

Wauzaji wetu ndio wananiudhi. Makontena yanashuka hapa hapa Kilindini, lakini ukitaka keria ya maana unaambiwa uagize Nairobi, ulipie na basi la kuirudisha Mombasa. Ukibahatika kuipata kisiwani, boksi limeshafunguliwa, skrubu za kiwandani hazimo, na muuzaji anachakura kopo akupe zilizoshika kutu, halafu anakutoza pesa ya kufunga. Zidai za kiwandani kabla hujatoa pesa. Akisema hazipo, akupunguzie bei ya kununulia za A4.