Betri mbili, swichi mbili kwenye ndege ya petroli: uzoefu wangu

Kwa anayetaka jibu la haraka: ndege yangu kubwa ya rimoti sasa inabeba betri mbili za lithiamu aina ya LiFe (za lithiamu na chuma), kila moja mAh 2,100 (kipimo cha umeme inaoubeba), kila moja na swichi yake ya kawaida ya kutelezesha, kila moja na waya wake hadi kwenye risiva, yaani kile kipokezi kinachopokea amri za rimoti. Hakuna kisanduku katikati, hakuna daiodi (kile kidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu). Nimeurusha mpango huu kiangazi na masika, na sina nia ya kurudi kwenye betri moja. Una kasoro moja inayonikera, nayo inahusu taa ndogo nyekundu.

Ndege yenyewe ina injini ya petroli ya cc 30, mabawa ya zaidi kidogo ya mita mbili na sevo saba, yaani vile vimota vinavyosukuma mikia na vibawa. Injini ikizima angani, unateleza nayo taratibu hadi chini na watu wanakupigia makofi. Risiva ikikosa umeme, huna chochote mkononi zaidi ya rimoti ya bei ghali. Na si lazima betri iishe ndipo hayo yatokee. Risiva nyingi za gigahazi 2.4 hujizima volti zikishuka hadi karibu na 3.5, kisha huanza kuwaka upya. Sevo saba zikivuta kwa pamoja wakati unaigeuza ndege kwa nguvu, ampea hupanda ghafla hata zikapita kumi, na plagi ndogo ya kawaida ya sevo ni ya ampea tatu hivi kwa matumizi ya mfululizo. Hapo betri inaweza kuwa imejaa kabisa na umeme usifike.

Kwa hiyo kabla ya kununua betri ya pili niliitazama swichi. Ile iliyokuja na vifaa vya zamani niliitoa na kuifungua kwa ncha ya kisu. Ndani kuna vijiti vya shaba na kibati kinachoteleza juu yake, basi. Vijiti viwili vilikuwa vyeusi kama sufuria ya jikoni la kuni, na pembeni palikuwa na uji mzito wa kahawia. Uji huo tunaujua sisi tunaorusha upande wa Kitengela, kusini mwa Nairobi: ni vumbi la mbuga lililochanganyika na oili ya tustroki, ile inayochanganywa na petroli, inayotoka kwenye ekzosi. Nilipima volti kabla na baada ya swichi huku rafiki akizungusha vijiti vya rimoti vyote kwa pamoja. Sevo zikiwa zimetulia tofauti ilikuwa ndogo, hata huwezi kuijali. Zikifanya kazi, karibu nusu volti ilikuwa inapotelea ndani ya kile kiswichi cha plastiki. Siku hiyo ndipo nilipoacha kufikiria betri ya akiba peke yake. Ukiweka betri mbili ukazipitisha kwenye swichi moja, umeongeza uzito tu.

Betri zilinisumbua zaidi. Nilianzia Luthuli, ule mtaa wa Nairobi wa maduka ya vifaa vya umeme, kama kila mtu. Kijana mmoja alinitolea seli za lithiamu zile za duara, saizi ya 18650, zimeandikwa mAh 9,900. Nikamwambia, "Ndugu yangu, seli ya ukubwa huu haibebi hiyo." Akacheka, "Mkubwa, hii ni orijino, si umeona maandishi?" Seli nzuri za saizi hiyo zinacheza kwenye 3,500 hivi, kwa hiyo maandishi ndiyo yaliyoniambia niziache. Kwa tochi nizichukue, kwa ndege hapana. Waya wa silikoni, mipira ya kufinya kwa joto na risasi ya kulehemu nilinunua palepale na sina malalamiko.

Kuagiza kutoka nje nako kuna vikwazo vyake. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo lazima ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Wauzaji wengi wakiona hivyo wanakataa kabisa kutuma Kenya. Mimi zangu zililetwa na binamu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Dubai, kwenye begi la mkononi. Hilo linaruhusiwa kwa betri ndogo chini ya saa-wati 100, na pakiti yangu moja haifiki hata 14. Nilimwambia azibe ncha za plagi kwa tepu na asiziweke kwenye sanduku la chini. Akalalamika kwamba namfanya mchukuzi, lakini zikafika.

Kwa nini LiFe na si lipo, yaani lithiamu polima? Sevo zangu ni za zamani, za volti 4.8 hadi 6. Lipo ya seli mbili ikijaa inafika 8.4, kwa hiyo ningelazimika kuweka kidhibiti volti, na kidhibiti ni kitu kingine tena kinachoweza kufa. LiFe ya seli mbili inatoka kwenye chaja na volti 7.2, lakini ukiitumia kidogo inashuka hadi 6.6 na kukaa hapo. Mtengenezaji wa sevo hajaniahidi chochote kuhusu 6.6, ila sevo zangu zinavumilia na haziungui. Zile za nikeli za seli tano nimezitumia miaka mingi na bado nazipenda, tatizo zinajimaliza zenyewe zikikaa kabatini.

Lakini hiyo volti ya LiFe inayotulia ni mtego. Kile kipima volti chenye vitaa vya kijani na chekundu tunachochomeka uwanjani hakikusaidii: betri iliyojaa robo tatu na iliyobakiwa na robo zinasoma karibu sawa, kisha mwishoni kabisa inaporomoka kama imesukumwa. Njia ninayoiamini ni kuangalia chaja imerudisha mAh ngapi nikifika nyumbani. Nikigawanya kwa idadi ya miruko, najua mruko mmoja unakula kiasi gani. Halafu hesabu yangu ni kali kidogo: narusha kana kwamba nina betri moja tu, na sipiti nusu yake. Ya pili siihesabu kabisa, kwa sababu siku betri ya kwanza ikifa, iliyobaki lazima iweze kubeba mzigo wote hadi magurudumu yaguse ardhi.

Sasa uunganishaji wa nyaya. Wengi waliniambia niweke daiodi, ili betri moja ikiharibika isiivute nyingine. Nilijaribu mezani na zile daiodi za Schottky. Zinafanya kazi, ila kila moja inakula kati ya 0.3 na 0.5 ya volti, na zikivutwa sana zinapata moto. Kinachoogopwa ni seli kujiunganisha yenyewe ndani na kugeuka bomba la kumwaga umeme wa mwenzake. Linaweza kutokea. Ila mimi ninachokiona uwanjani ni waya kukatika karibu na plagi, plagi kuchomoka na swichi kuchoka, na kwa hayo yote nyaya mbili zilizojitenga zinatosha. Nikaacha daiodi. Mwenye lipo na ndege ya turbini asinifuate kwenye hili.

Kuna faida nyingine ambayo sikuiwazia mwanzoni: njia zikiwa mbili, mzigo unagawanyika. Kila swichi na kila plagi inapitisha takriban nusu ya ampea zote. Nilipopima tena kwenye risiva, vijiti vikizungushwa vyote, volti hazikushuka kama zamani. Hata kama hakuna betri itakayokufa maishani, hicho tu kilinifanya nione pesa yangu haikupotea.

Swichi ziko ubavuni, upande usio na ekzosi, zimeegeshwa juu ya sponji nyembamba. Ya tatu ni ya mfumo wa cheche wa injini, una betri yake kabisa na uko mbele, mbali na risiva, maana cheche zina kelele za umeme zisizotakiwa huko nyuma.

Sasa ile taa niliyoitaja mwanzoni. Swichi nilizonunua zina taa ndogo nyekundu ya kuonyesha imewaka. Kwa kuwa betri zote mbili zinakutana ndani ya risiva, umeme wa betri ya kwanza unarudi kinyumenyume kupitia waya wa pili na kuwasha taa ya swichi ya pili, hata kama betri ya pili imechomoka! Niligundua nyumbani, nikiwa nimeiacha plagi moja nje kwa makusudi: taa zote mbili zinang'aa, kila kitu kinatingishika vizuri, na upande mmoja ni maiti. Rimoti zinazoonyesha volti za ndege nazo hazisaidii, zinasoma umeme wa pale risiva tu. Hazijui umetoka kwa nani. Na ukipima kwenye plagi ya kuchajia swichi ikiwa imezimwa, unaipima betri bila kupitia kile kibati cha shaba ambacho ndicho hasa unachokishuku.

Kwa hiyo kila kabla ya mruko nawasha swichi ya kwanza peke yake, kipima volti kikiwa kwenye tundu la ziada la risiva, nazungusha vijiti vyote na kutazama namba. Nazima. Nawasha ya pili peke yake, hivyohivyo. Kisha zote. Wenzangu wananitania kwamba narusha Boeing, na kuna mzee mmoja huniuliza, "Kijana, rubani msaidizi yuko wapi?" Asubuhi moja upande wa pili ulipowashwa peke yake haukuamsha chochote. Klipu ya plastiki ilikuwa imepasuka na plagi imelegea. Ningewasha zote kwa pamoja kama wafanyavyo wengi, taa zingeniambia tuko sawa.

Nimewahi pia kutumia swichi ya kielektroniki ya kubonyeza, kwenye ndege nyingine. Uzuri wake ni mkubwa: haina kibati cha kuteleza, na kitufe kikikatika waya angani yenyewe inabaki imewaka. Ubaya wa niliyokuwa nayo ni kwamba hata ikizimwa inanyonya betri kidogo kidogo. Msimu wa mvua ndefu ndege inakaa ndani wiki nyingi, na LiFe ikishushwa chini ya volti mbili hivi kwa seli haiponi vizuri. Ukiwa nayo, chomoa betri. Vile visanduku vya PowerBox kutoka Ujerumani, vyenye viingilio viwili vya betri na udhibiti wa volti ndani, nimevishika kwa jamaa anayerusha ndege kubwa kuliko yangu, na kazi yake ni safi sana. Kwa sevo zenye nguvu na lipo ningenunua. Kwa ndege ya cc 30 na sevo za kawaida, ile hela naipeleka kwenye mafuta na propela, hasa kwa kuwa huku Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, injini inapungukiwa hewa na propela unazijaribu nyingi kabla ya kupata inayofaa.

Uzito umeongezeka kwa pakiti moja, gramu mia na kitu. Niliisogeza nyuma kusawazisha injini na sikuhitaji tena kile kipande cha risasi nilichokuwa nimegandisha mkiani. Kuchaji ni mara mbili, na hilo linachosha ukiwa na chaja ya mlango mmoja.

Kwa wanaorusha za umeme: kama kidhibiti mota chako ndicho kinacholisha risiva, kikiungua umepoteza mota na usukani kwa mpigo. Kwenye ndege ya mita moja na nusu kwenda juu ningeweka betri ndogo ya akiba inayoingia yenyewe volti zikishuka, lakini hiyo isiunganishwe kienyeji kama nilivyofanya mimi, itafute inayokuja na saketi yake. Kwenye ndege ya povu ya kuchezea Jumapili siweki chochote kati ya haya.