Seti ya Kuanzia Ufugaji wa Nyuki: Mzinga Imara, Kijitabu Dhaifu

Majira ya kuchipua yanapokaribia, wauzaji wengi wa vifaa vya nyuki hutoa seti inayodaiwa kumtosheleza anayeanza kufuga uani kwake: mzinga wa Langstroth wenye masanduku mawili, fremu, bomba la moshi, patasi ya mzinga, vazi la kujikinga na kijitabu cha maelekezo. Nimeitumia seti ya namna hiyo msimu mzima, na maoni yangu ni kwamba aliyeitengeneza anaujua useremala kuliko anavyowajua nyuki. Mzinga wenyewe ni wa kununuliwa bila kusita. Vilivyofuatana nao vimechaguliwa kwa kumfikiria mtu anayeota asali, ilhali kundi changa, katika wiki zake za kwanza, lina shida nyingine kabisa.

Sifa kubwa iko kwenye mbao. Lorenzo Langstroth, aliyepata hataza ya mzinga huu nchini Marekani mwaka 1852, aliujenga juu ya ile nafasi ndogo ambayo nyuki huiacha wazi ili wapite, ya kati ya milimita 6 na 9 hivi. Ikipungua hapo wanaiziba kwa gundi yao. Ikizidi wanaijaza sega, na siku ya ukaguzi fremu zinakuwa zimeshikamana na kuta hata haziwezi kutoka bila kuvunja masega na kumwaga asali juu ya nyuki. Nilipima pengo kati ya fremu na ukuta, kisha pengo kati ya fremu za sanduku la juu na zile za chini, ambalo ndilo mafundi wengi hulikosea, nikakuta yote yamo ndani ya kipimo. Pembe za masanduku zimekatwa meno yanayoingiana bila kulegea. Gundi ya mbao haimo katika seti, nayo ni ya lazima, kwa sababu misumari peke yake huanza kucheza mbao zikishapata mvua na jua. Rangi ipakwe upande wa nje tu, mapema, ili harufu iwe imeisha kabla ya nyuki kuingia.

Fremu 10 za kila sanduku zina mabamba ya plastiki yaliyochapwa umbo la vijumba vya sega na kupakwa nta. Nta hiyo ni hafifu mno: ukilielekeza bamba kwenye mwanga unaona plastiki tupu katika sehemu nyingi, na nyuki huzikwepa sehemu hizo, wakaanzisha masega yao ya kukingama kati ya fremu moja na nyingine. Dawa yake ni rahisi, yaani kuyeyusha nta safi na kuyapaka mabamba kwa brashi, lakini mnunuzi aliyeambiwa kwamba kila kitu kiko tayari ana haki ya kulalamika.

Bomba la moshi limenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kopo lake ni pana, lina wavu wa chuma kwa nje unaozuia mikono isiungue, na tundu la mvukuto limeelekezwa sawasawa na tundu la kopo, jambo dogo ambalo likikosewa moto huzimika katikati ya kazi. Moshi hufunika harufu ya hatari ambayo nyuki walinzi huitoa, na huwafanya wenzao wakimbilie kujaza matumbo asali, hivyo bomba linalozimika mzinga ukiwa wazi ni taabu kubwa. Pakia nyasi kavu au maranda yasiyo na rangi wala dawa, kisha weka majani mabichi juu ili moshi utoke ukiwa wa baridi. Ujaribu kwanza kwenye kiganja chako.

Vazi ni la wastani. Kitambaa kinafaa, ila pale zipu mbili za kofia zinapokutana kooni pamebaki kijitundu cha kupitisha nyuki mmoja, na huyo mmoja atakipata. Kijibandiko cha kitambaa kingetosha kukifunika, na sielewi kwa nini hakikuwekwa.

Kosa kubwa ni uchaguzi wa vifaa vya ziada. Seti ina kizuia malkia, ambacho kazi yake ni kumzuia asipande kutaga katika sanduku la asali; kundi lililoingia mzingani majira haya haya bado halina asali ya kutengewa sanduku, na ukikiweka chini ya fremu zisizo na sega nyuki wafanyakazi wenyewe husita kupita. Wakati huo huo hakuna chombo cha kulishia, na hapo ndipo mgeni wa kazi hii huumia. Nyuki wengi huuzwa kwa uzani, robota la kilo 1.4 hivi, ambalo ni kama nyuki 10,000 na malkia katika kizimba chake, bila sega hata moja. Wanatakiwa kutengeneza nta kutokana na wanachokula, huku idadi yao ikishuka kila siku, kwa kuwa nyuki mfanyakazi huchukua siku 21 tangu yai mpaka atoke. Bila maji ya sukari ya uzani sawa kwa sawa, baridi au mvua ya siku chache inaweza kulimaliza kundi kabla kizazi kipya hakijatokea. Nunua chombo cha kulishia kinachokaa ndani ya mzinga. Vile vya mlangoni huwaita wezi kutoka makundi yenye nguvu. Anayeweza kupata kundi dogo la fremu 5 lenye malkia anayetaga na majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyofunikwa atakuwa ameanza mbele zaidi, na fremu hizo zinaingia katika sanduku hili bila marekebisho.

Kijitabu nacho kinaelekeza masanduku yote mawili yapandanishwe siku ya kwanza, jambo linalolipa kundi dogo nafasi kubwa lisiyoweza kuipasha joto wala kuilinda. Anza na moja, ongeza la pili nyuki wakishajenga na kufunika fremu 7 au 8. Kuhusu utitiri wa varoa, unaonyonya nyuki na majana na kueneza virusi, kijitabu hakina hata sentensi moja, ingawa sakafu ya mzinga ni ya wavu na ina trei ya kuvutika iliyowekwa makusudi ili utitiri unaoanguka uhesabiwe. Paka trei hiyo mafuta kidogo, iingize kwa siku 3, kisha uisome kwa kioo cha kukuzia.