Gasketi za Carina yangu: nilizobadilisha na niliyoikataa (gereji ya Ipuli, Tabora)

Gari ni Carina Ti, injini 5A, ilikuwa inakunywa maji huku huoni inapovuja, ukitoka nayo mpaka Urambo inachemsha, na ukifungua kifuniko cha oili ndani kumeganda kitu kama chai ya maziwa. Hedi gasketi hiyo, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku.

Fundi ni mtu wa maneno machache. Hedi iliposhuka akaisafisha, akalaza rula ya chuma juu yake, akapitisha feela geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) kwa chini, kati ya silinda ya pili na ya tatu ikapenya. "Bosi, aluminiamu ikichemka inapinda, hii ikachongwe kwanza." Ikaenda kuchongwa. Hedi gasketi yenyewe haina mjadala, ikishakandamizwa na bolti mara moja imemaliza kazi, ukiirudisha utashusha tena.

Kilichonipa mawazo ni hizi zingine. Ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi, ilikuwa imekauka, ukiikunja inakatika, oili inashukia kwenye mashimo ya plagi, nikanunua mpya na zile raba za kuzunguka plagi. Za manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa na kutoa moshi) mpya, oili sili ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) mpya, wota pampu nayo maana taimini belti ishatoka, sasa nije nilipe ufundi tena wa kufungua palepale ili iweje? Gasketi ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, nikakataa. Muuza spea aling'ang'ania nichukue seti nzima ya ovahoo (ya kufungua injini yote) eti ndo nafuu, nafuu gani wakati nusu ya vitu vinaenda kulala stoo! Sampu haivuji, na kwa injini hii inafungwa kwa silikoni tu, ya nini kuibandua.

Silikoni ndo imenikera hapo gereji. Kijana wa fundi aliipaka kwenye tapeti kava mpaka inamwagikia ndani, wakati gasketi ya raba inataka kidogo tu pale kwenye kona, ikizidi vipande vinadondoka vinaenda kuziba chujio la oili. Nikamwambia afute, akafuta, kanuna. Na ile "kesho asubuhi" yao aisee, usiipangie safari.

Bolti za hedi fundi alikaza mwenyewe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), za katikati kwanza akitoka nje, kwa awamu. Oili akamwaga, akaniambia niendeshe kidogo nimwage tena, maji yaliyochanganyika hayatoki yote mara moja. Nimeshaenda Nzega na kurudi, rejeta sijaongeza hata kikombe, na sampu bado kavu.