Mikanda ya Mbio Iliyokatwa Lebo: Uzoefu Wangu na Duka Moja la Ngara

Nianze kwa kusema kiti ni kizuri. Nilinunua kiti cha mbio na mikanda ya pointi nne, yaani inayofungwa kwenye gari sehemu nne, kwenye duka hilohilo, siku hiyohiyo, na kiti bado nakitumia. Kinanishika mbavu kwenye kona, na mgongo hauniumi hata nikikwama kwenye jam ya Thika Road saa mbili nzima. Ningekuwa naandika habari za kiti ningewapa nyota nne. Lakini siandiki habari za kiti.

Duka liko Ngara, Nairobi, jina sitalitaja. Mwezi juzi hivi nilikuwa najiandaa kupeleka Subaru yangu kwenye saketi ya mbio kwa mara ya kwanza, kule Athi River, siku ile ambayo wenye magari hulipa kiingilio na kukimbia bila kuwaza matatu wala bodaboda. Mwenye duka akanitungulia mikanda myekundu ukutani, mitumba kutoka Uingereza, akasema ni ya kiwango cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Shilingi 18,000. Nikamuuliza ilitengenezwa mwaka gani. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema: "Boss, kwani mkanda ni maziwa? Unachacha?"

Wateja wawili wakacheka. Nami nikalipa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: swali langu lilikuwa sahihi, nikalimeza kwa sababu watu nisiowajua walicheka.

Siku ya saketi, kabla gari halijaruhusiwa kuingia, mkaguzi alikuja. Ni mzee mmoja mpole, nywele nyeupe, tochi ndogo mkononi. Aliinama ndani ya gari, akashika mkanda wa bega, akaufuata kwa vidole polepole hadi mwisho. Kisha akaniita: "Kijana wangu, hebu njoo uone." Mahali lebo inaposhonwa palikuwa na nyuzi fupi tu, zimekatwa kwa wembe. Mkanda wa pili vivyo hivyo. Na wa tatu.

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba mikanda ya kiwango cha FIA cha 8853-98 ilipewa miaka 5, ya 8853-2016 hupewa 10, na mwaka wa mwisho huchapishwa kwenye lebo hiyohiyo. Ni nyuzi za poliesta. Jua linazila, jasho linazila, kusuguana na chuma kunazila. Na mkanda ulioshika mtu kwenye ajali umeshavutika, nguvu yake imeshatumika, ingawa ukiutazama utadhani ni mzima. Kwa hiyo ndiyo, bosi wa Ngara, mkanda unachacha.

Mzee akaendelea. Alisema hata kama ingekuwa mipya, hiyo pointi nne isingempendeza. Haina mkanda wa kupita katikati ya mapaja, kwa hiyo gari likigonga kwa mbele, mikanda ya mabega inavuta wa kiunoni juu, nyonga zinateleza chini yake, na mkanda uliopaswa kushika mifupa unakata tumbo. Ile ya mabega nayo ilikuwa imefungwa kwenye sakafu ya nyuma, inashuka mno, na ikikazwa na ajali inakandamiza uti wa mgongo. Juu ya hayo gari langu halina keji ya mabomba. Likipinduka na paa likabonyea, nimefungwa wima nikilingoja. Akaniambia nifunge mkanda wa kiwandani niende pole. Nikafanya hivyo.

Hapa lazima niwatendee haki. Fundi aliyenifungia mikanda ile pale dukani, binti mdogo tu, alikuwa ameniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hii ya mabega inashuka sana." Kabla sijamjibu mwenye duka akapaza sauti: "Wewe funga, mteja ana haraka!" Sikuwa na haraka yoyote. Binti yule anaijua kazi, na akifungua karakana yake kesho nitakuwa wa kwanza mlangoni.

Mchana ule gari moja likaishiwa breki mwisho wa sehemu iliyonyooka. Mafuta ya breki yalichemka, dereva akakanyaga hadi chini pakawa hapana kitu, akaingia kwenye ukuta wa matairi. Alikuwa na mikanda ya pointi sita, haijapita muda, na HANS shingoni, kile kifaa kinachozuia kichwa kisirushwe mbele. Alishuka mwenyewe. Akakaa kwenye nyasi mikono ikitetemeka, mabega yana michubuko pale mikanda ilipomshika. Nikamletea maji. Sikuweza kuacha kufikiria zile nyuzi zilizokatwa.

Nilirudi Ngara siku chache baadaye nikiwa na adabu zangu zote. Nikamwambia mwenye duka kwamba Dale Earnhardt, dereva wa mbio wa Marekani, alipofariki kwenye saketi ya Daytona mwaka 2001, mkanda wake wa kiunoni ulikutwa umeachana, na watu wakabishana sana kuhusu mkanda ule. Akajibu, "Hii ni Nairobi, si Daytona. Kwani nyinyi mnaendesha kasi gani?" Kama vile yule aliyekaa kwenye nyasi Athi River alikuwa Daytona! Nikamuuliza nani alikata lebo. Akasema ilikuja hivyo. Nikauliza tena, akageukia simu yake.

Alinirudishia 9,000. Nusu, eti kwa kuwa nimeitumia, wakati haikuzunguka saketi hata mara moja.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga nyota tatu: kiti, binti, na kwamba angalau walirudisha kitu. Sasa nafuta moja. Hapana, nafuta mbili. Inayobaki ni ya binti, duka lenyewe lisijihesabie.

Maana Ijumaa iliyopita nilipita pale nikachungulia kutoka nje. Mikanda ileile imerudishwa ukutani, juu ya rafu ya usukani. Ni myekundu, bega la kushoto limefifia kuelekea rangi ya waridi, na ukipitisha kidole karibu na kifungo utahisi nyuzi fupi, ngumu, zinachoma. Ukiikuta, usiinunue hata akupe kwa elfu mbili.