Ben A'an: kilima kifupi, ila magoti yatasimulia

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata sababu ya usubi, nafika huko.

Wenzangu kazini hapa Glasgow, Scotland, walinichokoza wiki nzima, eti we si mtu wa Tanzania, nchi ya Kilimanjaro, hiki si utapanda huku unapiga mluzi. Mimi mtoto wa Mbagala, Dar, jamani, Kilimanjaro naijua kwenye chupa ya maji! Nikakausha tu, jumamosi nikafunga chapati na chupa ya chai tukaondoka, zile kona za barabara ya Duke's Pass ukitokea kijiji cha Aberfoyle kama una tumbo jepesi kaa mbele.

Kwa namba ni kitu kidogo, mita 454, kwenda na kurudi hata kilomita 4 hazifiki. Ila kimesimama hicho! Unaacha gari paking ya kulipia, unavuka barabara na mlima unaanza hapo hapo hata salamu hakuna. Huku chini zamani ulikuwa msitu mkubwa, miti ya larch ikapata ugonjwa ikakatwa, kwahiyo kivuli msitegemee sana. Katikati kuna kipande cha tambarare kinakupumbaza, unaona kilele kile kimechongoka mbele yako, afu ndo zinaanza ngazi za mawe, kila moja na kimo chake, nyingine inafika gotini na maji yanapita katikati. Nilivaa raba za mjini zimeisha soli, nikateleza nikakaa kitako kwenye tope mbele ya bibi mmoja anashuka zake na fimbo mbili, akanipa pole akasema nimekaribia. Ile "umekaribia" ni kama "hapo tu" ya kijijini, nimetembea nusu saa nzima tena. Vaeni buti.

Juu sasa. Upande mmoja Loch Katrine imelala ndefu mpaka inapotelea milimani, ukigeuka Loch Achray iko chini ya miguu yako. (Huku ziwa ni loch, ukisema lake wanakurekebisha, japo jirani tu kuna Lake of Menteith na hamna anayelalamika.) Kilichonishika mimi ni kwamba Loch Katrine ndo bomba letu Glasgow, tangu 1859, Malkia Victoria alikuja mwenyewe kufungua, na maji yanashuka kwa mteremko tu bila pampu mpaka Milngavie, mji jirani na Glasgow, ambao wenyeji wanautamka "Malgai" msiniulize kwanini. Yani ile chai nimeihenyesha mgongoni kutoka nyumbani ni maji ya hapo chini, nimeyarudisha kwao yakiwa na tangawizi.

Nimemimina kikombe cha pili upepo ukatulia, usubi huo! Vidudu hata havionekani vizuri, vinaingia masikioni, kwenye nywele, kwenye chai. Chapati tumekula tukiwa tunatembea kama tumefukuzwa. Kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8 chagueni siku ya upepo, na muwahi asubuhi paking haijajaa.

Jumatatu nikaingia kazini kifua mbele, napitisha picha. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa kwamba Ben A'an wala sio mlima unaojitegemea, ni bega tu la Meall Gainmheich iliyoko nyuma yake, mita 564.

Nikakausha tena.